Baba Anavyomrudi Mtoto

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, umelala vizuri na umekula ukashiba. Huku nasi tu wazima kwa kiasi chetu: mimi sina homa, mtoto anacheka, na shemeji yako anakunywa uji kwa mrija maana taya ulilomvunja limefungwa waya. Simu yako umeizima tangu siku ile, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nivumilie, mwandiko wangu unaujua.

Kaka, najua ulikuja kwa mapenzi. Ulimkuta mpwa wako amekaa mlangoni, miguu imejaa madoa ya zambarau, ukamuuliza nani amemfanya hivyo. Akajishika bega akasema Baba humrudi. Nani asiyejua maana ya kumrudi mtoto? Hata mimi ningesikia fimbo. Lakini mimi ningeuliza mara ya pili, na wewe hukungoja hata nitoke jikoni.

Mume wangu alikuwa ameinamia kochi la mteja, misumari midogo mdomoni kama kawaida ya mafundi makochi. Teke lako la kwanza lilimpata hapo hapo mdomoni. Misumari mingine aliimeza, mingine ikatokeza shavuni. Ukamnyang'anya nyundo, ukamponda vidole vya mkono wa kulia juu ya meza yake mwenyewe. Majirani waliposikia kwamba ni mtesa watoto, nao wakaja na vyao. Yule muuza mkaa tunayemwita Mpole alileta nondo. Jina na mtu ni mbalimbali kabisa. Mimi nilikuuma mkono mpaka nikaonja damu yako, na sijutii.

Mtoto akakimbilia katikati. Ukamvuta mkono kumwondoa, na bega likachomoka, ngozi ya mkono ikafunguka kama karatasi iliyolowa. Hata Mpole aliishusha nondo. Shemeji yako akatambaa, taya linaning'inia, akampakata mtoto, akauzungusha ule mkono taratibu mpaka bega likaingia mahali pake. Mtoto akafuta machozi, akakuambia umeona, Mjomba, hivyo ndivyo Baba anavyonirudi. Kumrudishia bega, Kaka! Mtoto wa miaka mitano amekosea neno moja, na mume wangu amepondwa kwa neno hilo. Ukatupa nyundo, ukaondoka bila kuaga.

Hospitali, daktari naye alipoyaona madoa ya mtoto nusura awaite polisi. Kisha akamkunja mtoto vidole, akamvuta ngozi ya shingo ikaja mbali, akakaa chini kutueleza. Alisema mwilini kuna kitu kinaitwa tishu unganishi, ndicho kinachoshika ngozi kwenye nyama na mfupa kwenye mfupa, hata mishipa ya damu hujengwa nacho. Cha mtoto wetu ni dhaifu tangu tumboni. Ndiyo sababu viungo vyake vinachomoka, na ukimgusa tu damu inavilia chini ya ngozi. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huo haipo. Kuna kumlinda, na mazoezi ya kukaza misuli. Mume wangu, kwa kuwa hawezi kusema, aliandika kwa mkono wa kushoto kwamba kitambaa ni kizima, uzi ndio mbovu. Nililia mbele za watu.

Daktari alisema pia kwamba ugonjwa huu hurithiwa, akaomba kuona vidole vyangu. Ninao, Kaka, ila kwangu ni mwepesi. Umetoka upande wetu. Kile kidole gumba unachokilaza nyuma hadi kikagusa mkono, watoto wakakupigia makofi, si mchezo, ni ugonjwa huu huu.

Sasa nisikilize. Jana walikuja shemeji zako, kaka zake wifi, wote watatu. Walisema binti yako, ambaye hata kutembea hajaanza, ana alama za vidole mbavuni, na ni wewe tu uliyekuwa naye. Wakaniuliza kama wewe ni mtu wa kupiga. Maneno yote ya daktari nilikuwa nayo mdomoni. Ningewakalisha, ningewaeleza, wangenielewa. Badala yake niliwaingiza chumbani nikawaonyesha uso wa mume wangu na vile vidole. Sikuongeza neno. Walipotoka, mkubwa wao akanishukuru, akaniambia siku watakayokuja kwako.

Nilifurahi, Kaka. Sitakuficha, nilifurahi kwelikweli, niliosha vyombo huku naimba. Kisha nikakumbuka kwamba nao, wakishakuangusha, watamvuta binti yako mkono kumwondoa.

Kwa hiyo siandiki kwa ajili yako. Dereva wa basi ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi, na wao wanakuja kwako keshokutwa. Mpeleke mtoto hospitali leo hii uisomapo barua, mwambie daktari habari za mpwa wako. Wakikuwahi, mlaze mtoto chini kwanza, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haumfikii, ndipo ukawafungulie.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie sijamsahau. Binti yako mbusu kwa niaba ya shangazi yake, na ukimwinua mshike matakoni, kamwe usimshike kwapani. Mume wangu hajatuma salamu.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.