Naomba Mazishi Yangu Yamtibu Mzee

Malaba, Jumatano, mwezi wa tano, 1974. Mvua tangu asubuhi.

Kaka Egesa, salamu nyingi katika jina la Bwana. U mzima huko Kericho? Mgongo wako wa kuchuma majani chai umepoa? Wifi na watoto wanaamkaje? Sisi huku tunapumua, ila siwezi kusema tu wazima.

Haya nayaandika kwanza kwenye daftari langu, hili ninalomwagia mambo yangu yote. Nikipata ujasiri kesho nitayanakili kwenye karatasi ya barua. Nisipopata, yatabaki humu, Mungu atayasoma.

Shemeji yako Wandera ana ngiri. Miaka yote ya kubeba magunia hapa mpakani, kutoka lori la huku hadi lori la kule, imemletea uvimbe kwenye kinena, mkubwa kama yai la bata. Zamani akilala chali ulikuwa unarudi ndani. Sasa haurudi. Daktari wa hospitali ya misheni alisema apasuliwe upesi, maana utumbo ukijifunga pale hatutakuwa na la kufanya. Lakini kupasuliwa kunataka malipo ya kutangulia, na mzee tangu Kwaresima hajainua hata debe la maji.

Nilisikia watu wakitaja bima. Kwamba mtu hutoa kidogo kidogo, siku akiugua analipiwa. Basi Jumatatu nikafunga kitambaa changu cha kanisani, nikaenda kwenye kile kiduka karibu na forodha kilichoandikwa BIMA kwa rangi nyekundu. Nikapanga foleni na madereva mpaka jua likawa utosini. Karani akaniuliza, "Mama, namba ya gari?"

Nikamwambia sina gari, nina mzee.

Foleni yote ikacheka. Dereva mmoja akasema, "Huyo mzee ni modeli ya mwaka gani, mama?" Nikamjibu, "Ya kabla ya mama yako kuolewa, na haijawahi kusukumwa." Wakazidi kucheka, na mimi nikacheka nao. Kumbe pale wanakatia bima malori na mizigo. Karani mwenyewe ana adabu. Alinieleza kwamba bima ya hospitali anayoijua yeye ni ya watu walioandikwa kazi, mshahara unakatwa, na hata anayejiunga mwenyewe hawezi kujiunga leo alazwe kesho. Akauliza mzee wangu ameandikwa na nani. 

Magunia yana wenyewe. Mzee hana mwenyewe.

Jana nikaenda kwenye chama chetu cha akina mama, kile cha mazishi. Unakijua, kaka: mwanachama akifa, au mumewe, chama hutoa sanduku, mahindi na sukari, na sisi tunapika mpaka matanga yaishe. Sijakosa mchango tangu kianze. Nikawaomba wanipe fungu la mzee sasa, akiwa hai, likamlipie hospitali.

 Mama Odilia, mwenyekiti wetu, akafanya ishara ya msalaba. "Mama Taaka, unamchongea mumeo sanduku na bado anakula ugali? Pesa ya matanga ikiingia nyumba ya mtu mzima, haitoki bila maiti."

Sikuweza kuwakasirikia. Mwaka jana Mama Auma aliomba hivyohivyo, na mimi ndiye niliyesimama nikasema hapana, nikapigiwa makofi. Mumewe tulimzika vizuri sana. Chai ya siku ile nilipika mimi.

Mungu anisamehe.

Basi nikawaambia: nipeni fungu langu mimi. Nikifa mnifunge kwenye mkeka, msipike, hata msije. Nitatia sahihi. Hapo wakaanza kubishana. Wengine walisema sawa, kila mtu na matanga yake. Mama Odilia akatikisa kichwa. "Matanga yako si yako, mama. Ni ya ndugu zako. Wakija wakute hakuna sanduku wala chai, watatuchapa sisi. Nani hajui hasira ya watu wa kwenu Funyula wakiwa na njaa?" Wakacheka, kisha wakaamua. Kaka yangu mkubwa aandike kwa mkono wake kwamba amekubali dada yake azikwe hivyo, na kwamba hatadai kitu kwa chama. Barua isomwe kwenye mkutano, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.

Kaka, najua ninakuomba aibu. Baba alipotuacha, wewe ndiye uliyekuwa baba. Wazee watakuuliza kwa nini dada yako alizikwa kama mtu asiye na kwao. Waambie aliomba mwenyewe. Padri hutuambia mwili ni mavumbi tu. Tangu jana najaribu kuliamini neno hilo, na bado ule mkeka naogopa. Nakuambia wewe, sitamwambia mwingine.

Mzee hajui lolote. Anafikiri nilikwenda sala. Amelala ubavu, mkono juu ya uvimbe, kama mtu aliyeshika kifaranga kisitoroke. Leo nimesali rozari mbili, ya pili sikuimaliza. Sioni vile barua itafika Kericho na kurudi kabla ya Jumapili hiyo, na barabara zenyewe ni matope. Tena asubuhi hii mzee ametapika mara mbili.

Akitangulia kabla jibu lako halijafika, chama hakitanidai barua yoyote. Watakuja wote siku hiyohiyo, na masufuria yao, na sukari.

Kwa hiyo, kaka, naomba unijibu upesi. Hata kama ni hapana, nijibu.

Dada yako,
Nabwire