Fedha Imegeuka Rangi

Baba Elinami, mume wangu,

Kalamu ameshika mjukuu wako Anande, maneno ni yangu. Nimemkataza kunisahihisha, maana wasomi wanapenda kunyoosha watu.

Nisikudanganye, mwanzo nilikulilia mpaka macho yakavimba. Upande wako wa kitanda bado siulalii. Lakini leo nina furaha, mzee.

Unakumbuka fizi zako? Damu kwenye mate, na mdomo kunuka mpaka nageukia ukutani, nawe unauliza, "Uliolewa na mimi au na mdomo wangu?" Nikakutafunisha majani machanga ya ule mpera ulioupanda nyuma ya jiko, ukapata nafuu kidogo. Anande aliona yote. Sasa chuoni mjini anachanganya maji ya majani hayohayo na fedha, zitoke chembe ndogo ambazo jicho halizioni, ziue vijidudu vya fizi.

Mwezi uliopita akanipigia simu analia. "Bibi, fedha imekataa! Ikikataa tena nitaambiwa niache majani ya babu, nitafute kazi nyingine."

Mimi nikajua kaishiwa. Nikauza mkungu wa ndizi, nikafunga noti kwenye pindo la kanga, nikatoka kwetu Kikatiti mpaka chumbani kwake mjini, Ngarenaro. Nikamwekea mezani: "Fedha hii hapa, haijakataa." Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe fedha yake ni madini, kama ya hereni zangu, ila imeyeyushwa kwenye maji, huioni.

Nikasema, basi nionyeshe majani. Ameyaanika juu ya bati, jua lote la mchana, yamekuwa kama tumbaku mbovu! Nikayanusa, hayana harufu. "Mjinga wewe, umeyachoma. Babu yako angetafuna haya angekufa mapema."

Nikarudi nyumbani, nikamletea machanga ya mpera wako, tukayaanika kivulini humo chumbani. Yalipokauka akayachemsha, tukaenda wote chuoni. Maji ya fedha meupe kabisa; yakigeuka rangi, aliniambia, ndiyo chembe zimetoka. Akamimina ya majani. Tukangoja. Nikaomba Mungu kwa Kimeru chote nilicho nacho. Yakawa njano, halafu taratibu yakaiva kama chai ya rangi. Anande akaruka! Nami nikapiga vigelegele mpaka mwalimu wake akaja mbio, akidhani kimelipuka kitu.

Na vijidudu vimekufa kweli. Amenionyesha kwenye kisahani anamovifuga: palipotiwa tone, pamebaki duara safi. Nikataka kusukutua hapohapo, akaninyang'anya. Eti bado kuna kupima kwingi kabla haijaingia mdomoni mwa mtu. Nimenuna, nimekubali.

Ungekuwepo, mzee. Ungekuwepo tu ukaona ile rangi...

Haya Anande, andika, usilowanishe karatasi.

Nakuahidi: mpera wako hautaguswa na panga. Kila akihitaji majani nitachuma mwenyewe, machanga, mpaka dawa hii imfikie mwenye fizi kama zako. Pumzika, mume wangu. Na usiharakishe kuniita, nina kazi na mjukuu wako.

Mkeo,
Mama Elinami