Baba Mkwe Amekalia Kitanda Changu

Navalayo, nimechoka. Usicheke mpaka nimalize.

Nilikuwa narudi kutoka Buyangu na lile gari langu la kulalia, mvua ya saa tisa ikaanza. Nikamwona babake Mark kando ya barabara, amejifunika gunia. Na unajua Jumamosi wanakuja kwetu kujitambulisha. Ningempita aje?

Kiti cha mbele kilijaa jiko na sufuria, nikamfungulia nyuma. Akaketi, akafurahi hata. "Viti vyako ni laini, mama. Sasa usiku unalalanga wapi?"

Nikajibu. Mimi na mdomo wangu. "Hapo ulipoketi, baba."

Hapo ulipoketi, baba. Mkwe ambaye kwa mila zetu hata mlango wa chumba changu hafai kuchungulia.

Kisha akasema, "Simamisha gari," akashuka kwenye mvua ile ile.

Nikamfuata polepole kilomita mbili, taa zimewaka, yeye mbele bila kugeuka. Nikampigia Mark. Anasema, "Kwani hukukunja kitanda?"

Basi huo ndio ushauri wangu kwa mwenye gari kama hili. Watu watakuambia habari za sola na tangi la maji. Wewe kunja kitanda kila asubuhi, na usijibu kila swali.

Alipofika langoni kwake akageuka, maji yanamtiririka kidevuni. Nikajua ameshavunja kila kitu.

"Jumamosi tutakuja," akasema. "Lakini tutatafuta gari lenye viti."