Harima kwa R

Jumatatu, 9 Juni
Mirija kumi na minne ya damu leo. Kutia kingamwili zenye rangi, kungoja, kupeleka mashineni. Kwenye darubini limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, zote ni duara zilezile. Zinajulikana kwa protini za juu yake, kama wanafunzi kwa sare. Sare ya CD3, seli T. CD19, seli B.
Humo imo damu ya dada Halima, fundi cherehani wa Gitega, aliyenilea. Tezi za shingo zimemvimba. Naogopa.

Jumanne, 10 Juni
Halima: T na B za kawaida. Nimelia chooni kwa furaha, nikampigia simu kuwa ni mzima.
Mrija mwingine mbaya. Karibu seli zote CD19, na juu yake CD34, alama ya seli changa zisizotakiwa kujaa kwenye damu. Saratani. Jina Harima. Nikasema masikini, nikaendelea na kazi.

Jumatano, 11 Juni
Halima na Harima, siku moja. Mjini hapa r na l ni ndugu, karani huandika anavyosikia. Nimefungua fomu. Halima: miaka ishirini na mitatu, Kagarama. Harima: hamsini na mbili, Gitega.
Majibu yalikwenda kwa daktari kwa namba ya mgonjwa, hayakukosewa. Niliyekosea ni mimi. Nilisoma jina nililolitaka.
Daktari kampigia dada mara mbili. Hakwenda. "Mdogo wangu wa maabara kasema niko mzima," alimjibu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimerudia kipimo. CD19, CD34. Nimemweleza mkuu wangu yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Gitega kabla hajafungua duka. Nimemwambia nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Aliendelea kutia uzi kwenye sindano. Halafu: "Iwe na r, iwe na l, damu iko yangu tu. Twende kwa daktari."
Najichukia.

Jumapili, 15 Juni
Kesho analazwa, aanze dawa. Namba yake ya hospitali nimeikariri.
Alikuwa na kiporo kimoja cha kushona: koti langu jeupe la kazi. Kamaliza leo. Ndani ya mfuko, upande wa moyo, ametarizi Harima. Kwa r. Amesema nisimpoteze tena.
Nimelivaa hapa jikoni, nikaosha vyombo nalo.