Laki Nane, Kisha Kimya

Jumanne, 2 Septemba

Wamenipigia! Wamenipigia, wamenipigia! Nimeandika mara tatu ili niamini. Nilikuwa kazini dukani, nimejikunja chini ya meza natafuta waya wa printa, simu ikalia, nikajigonga kichwa. Alikuwa mhasibu wa kampuni ya gemu. Jaribio lako limependeza, njoo Ijumaa tuzungumze mshahara. Nikasema asante. Nikasema asante tena. Halafu kwikwi ikanishika. Hii kwikwi yangu! Nikifurahi tu, hii hapa. Mhasibu akaniuliza kama niko salama.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Gemu yao ina kuku anayekimbia juu ya mapaa akimkwepa mpishi. Wachezaji walikuwa wanalalamika: nimebonyeza aruke, mbona kaanguka? Na kweli walikuwa wanabonyeza, ila kwa kuchelewa kidogo tu, kuku keshaacha ukingo. Basi mimi nikaandika kwamba hata mguu ukishatoka kwenye paa, kwa kitambo cha kufumba na kufumbua tuendelee kumhesabu kuwa bado kasimama. Uongo mdogo wa huruma. Watu wakaanza kuvuka, tena wakijisifu kuwa wana mikono myepesi.

Mimi, mtengeneza gemu! Wa kulipwa! Mwenye duka amesema gemu si kazi, ni ugonjwa. Nimemwambia basi mimi nimeugua.

Jumatano, 3 Septemba

Mama alikuwa anapiga pasi nilipomweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli watu wazima wanalipana kwa ajili ya kuku. Nikasema ndiyo. Akageuza gauni upande wa pili. Na huyo kuku analipa kiasi gani?

Hapo ndipo pagumu. Sijui. Hakuna anayejua! Waajiri hawasemi, walioajiriwa hawasemi. Mshahara wa mtu anayeanza kwenye gemu ni siri kubwa kuliko umri wa shangazi.

Mama ana mpango wake, bila shaka. Rafiki yake ameniombea nafasi ya kufundisha kwenye chuo cha kompyuta, laki sita kwa mwezi, wanataka jibu wiki ijayo. Tumewekeana sharti: kuku akishindwa kufika laki sita, nakwenda chuoni bila kununa. Akizidisha, Mama ananiachia. Nimekubali. Leo ningekubali hata kuosha masufuria ya mtaa mzima.

Jioni mume wa dada yangu, shemeji yangu wa utani na mjuzi wa kila kitu, akaingia kwenye intaneti kunitafutia bei yangu. Akakuta kiasi wanacholipwa wanaoanza huko nchi za mbali. Akasimama. Akanipigia hesabu, akaanza kuniagizia gari. Tulikuwa tumeshafika kwenye rangi ya gari ndipo dada akauliza kutoka jikoni: hiyo pesa ni ya mwezi au ya mwaka?

Ya mwaka. Na huko kodi ya chumba inakula nusu yake. Shemeji akakaa. Gari limerudi dukani.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nilipeleka nakala za vyeti kwenye kampuni. Nani kanipokea — Kaka Fremu! Ndiye mtengenezaji wa programu aliyesimamia jaribio langu. Picha kwenye skrini hubadilika mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, kila picha ni fremu, na yeye hupima dunia nzima kwa hizo fremu. Hata chai ikichelewa anasema imechelewa fremu elfu kumi. Ofisi nzima inamwita hivyo, mpaka mlinzi.

Alinisindikiza hadi getini. Akatazama nyuma, akatazama juu, sijui alimwogopa nani huko juu.

"Nasikia kesho mnaongea mshahara," akasema. "Mimi nina miaka mitatu hapa. Napata laki nane. Mkataba unakataza kumwambia mtu, kwa hiyo sijakwambia."

Kisha akanieleza mengine. Alipoanza yeye hakuna aliyemnong'oneza lolote. Alitaja laki nne, na bosi akakubali kabla hajamaliza kulitamka neno. Kukubaliwa haraka namna ile kulimuuma kuliko kukataliwa. Akaniambia nianzie nane. Hutapewa, alisema, lakini wakikushusha mpaka saba, shukuru.

Mtu ambaye hata hanijui vizuri! Kweli undugu ni kufaana, si kufanana. Nimerudi nyumbani nikitembea kama nina springi miguuni.

Nyumbani, mafunzo. Shemeji kavaa koti, kafunga tai juu ya fulana, kakaa kwenye kiti cha Mama. Yeye ndiye bosi. Kanuni yake ni moja: taja kiasi chako, kisha funga mdomo, atakayeongea kwanza kaliwa. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitaja kiasi kisha nikaomba radhi. Mara ya tatu Shemeji alinogewa na ubosi akanifukuza kazi kabla ya kuniajiri. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasema na tai ile, hata yeye angeacha kazi.

Ijumaa, 5 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naandika mbiombio, mwandiko huu nitashindwa kuusoma mwenyewe.

Ofisi ya bosi ina kuta za kioo na yeye huvaa kandambili. Kweli! Shati limenyooka, suruali ya heshima, chini kandambili za bluu. Mhasibu kakaa pembeni na kompyuta yake. Wakanisifia kuku. Nikaona wanavyotabasamu, nikaanza kufurahi, na mimi nikifurahi tunajua.

Bosi akauliza ningependa kulipwa kiasi gani.

"Laki nane," nikasema.

Na papo hapo nikaisikia inapanda. Kwikwi! Nikafunga mdomo. Nikabana pumzi. Nikakodolea macho kalenda ukutani.

Bosi akangoja. Akasema kwa mtu anayeanza, hicho ni kiasi kikubwa. Nami ningejibu nini? Ningefungua mdomo, ingetoka! Nikaendelea kuitazama kalenda. Akasema lakini hakatai kwamba kazi ya kuku imemfurahisha. Kimya. Akavua kandambili moja, akaivaa tena. Akasema tisa. Mimi mashavu yamevimba. Akamtazama mhasibu, mhasibu akatazama kompyuta. Akasema anaelewa, maisha yamepanda, na kampuni nyingine zinanyang'anyana vijana kama mimi. Kumi. Hapo machozi yalishaanza kunilenga kwa kukosa hewa, na nadhani akaona amenitukana.

"Kumi na moja," akasema. "Hapo ndipo mwisho wangu, dada."

Ikatoka! Ilikuwa kubwa, kama mtu kabamiza kabati. Bosi akaruka kwenye kiti. Nikasema nimekubali.

Mhasibu akachapa mkataba, mimi nikasaini hapohapo. Bosi atasaini Jumatatu, akishasoma kila ukurasa, ndiyo kawaida yake. Kuna kipengele kinasema mshahara ni siri kati yangu na kampuni. Nikakipita mbio kama jina la mtaa.

Laki kumi na moja! Mama kanitaka nirudie. Nikarudia. Akakaa. Akasema, kwa kuku? Akaanza kucheka, akampigia shangazi, akacheka upya. Shemeji anadai ada ya ukocha. Nikamweleza kuwa haikuwa mbinu, ilikuwa kwikwi. Akasema mbinu ni mbinu. Dada akafungulia redio na Mama akacheza! Mama yangu, na mgongo wake ule, kacheza kuzunguka meza ya pasi.

Ujumbe umeingia sasa hivi. Kaka Fremu: "Vipi, saba imetoka?"

Nimekaa na simu mkononi. Yeye nane. Miaka mitatu. Sijamjibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemjibu. Nimemtumia vikatuni vitatu vya kucheka. Basi, hivyo tu. Yeye akaandika, "Safi sana, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Ningeweza kujificha chini ya kitanda.

Nimemuuliza dada. Dada hana maneno ya kupamba. Usiseme, kasema. Bosi bado hajasaini. Ukimwambia huyo kaka yako, ataenda kulalamika, bosi atajua imetoka kwako, na wewe unarudi kwenye nyaya za printa. Umeanza lini kuwa mwema kwa hasara? Nikasema yeye alikuwa mwema kwa hasara yake. Dada akasema hiyo ni juu yake.

Ana hoja. Na jambo la aibu ni kwamba bado nina furaha. Nimejaribu nguo zote mbele ya kioo. Hata zile zisizonitosha nimezipenda. Kisha namkumbuka pale getini, anavyotazama juu, na narudisha nguo kabatini. Kisha nafurahi tena. Mtu anaweza kuchoka hivi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia Mama tukikunja shuka. Nimemwambia yote, na kipengele cha siri pia. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo aliyekuonyesha njia," akasema, "ndiye unayemficha ulikofika."

Halafu akaniambia nishike ncha zangu vizuri, shuka linaburuta.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya kwanza! Nina meza! Nina kiti kinachozunguka, na nimekizungusha mara moja tu, kwa heshima, nilipoona ofisini hakuna mtu anayetazama. Kaka Fremu ameniwekea skrini mbili na kunibandikia picha ya kuku kwenye kona ya moja. Asubuhi yote amenifundisha. Nimepewa kosa langu la kwanza la kurekebisha: kuku akikimbia sana anazama ndani ya ukuta, miguu tu inabaki nje ikipiga teke. Tulicheka mpaka mhasibu akaja kuona kuna nini. Naye akacheka. Ningelipia kuwa hapa. Hapana — nafuta hiyo, bosi asije akaisikia.

Mchana tukakaa kwenye ngazi za nyuma na vyakula vyetu. Kaka Fremu akaniambia kijiko changu kinachelewa fremu mia mbili. Nikajua ni sasa au basi.

"Kaka," nikasema, "walinipa kumi na moja."

Akaacha kutafuna. Nikamwaga yote: kalenda, kwikwi, kandambili, bosi anavyopanda peke yake kama mtu anayepigania kitu mnadani na hakuna mwenzake. Nilidhani atakasirika. Akacheka! Akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Nilipofika kwenye ile kwikwi alifuta macho.

Kisha akaliokota bakuli lake. Akasema siku ile getini, aliponitajia nane, alikuwa anajisifu kidogo. Alidhani hiyo ndiyo dari ya nyumba nzima. Hajawahi kuomba zaidi ya hapo kwa sababu hakujua kuna zaidi.

Hiyo imenichoma. Hakuilalamikia hata, aliisema tu, kama mtu anayetaja saa. Nikamwambia nenda kaombe. Leo. Sasa hivi, kabla hajatoka. Akasema bosi atauliza amejuaje kama kuna anayelipwa zaidi, na yeye hajui kudanganya, akidanganya masikio yanakuwa mekundu. Atasema nini?

"Sema mimi nimekwambia."

Nilijisikia nikisema hivyo kabla sijaamua. Akanitazama. Akauliza kama najua mkataba wangu bado haujasainiwa. Nikasema najua. Akauliza kama nimelifikiria. Nikasema hapana, nikilifikiria sitalisema, kwa hiyo aende haraka.

Ameenda! Ameinuka, amefuta mikono, ameenda!

Naandika hapa mezani, daftari nimelificha nyuma ya skrini. Kwenye skrini miguu ya kuku inapiga teke ukutani na hakuna anayemsaidia. Kupitia kioo nawaona lakini siwasikii. Kaka Fremu amekaa wima sana. Bosi ameegemea nyuma. Mkataba wangu uko juu ya meza yake, naujua kwa ile klipu ya kijani. Mhasibu amepita hapa na faili kifuani, amenitazama, amekwenda polepole kuliko kawaida.

Ninaogopa. Naogopa kweli. Nikirudi nyumbani bila kazi, Mama atamwambia nini shangazi? Lakini sijui kwa nini, bado nataka kucheka.

Kaka Fremu ameinua vidole. Vinane. Bosi anatikisa kichwa, si kukataa, ni kama mtu aliyepotewa na maneno. Kaka Fremu anasema kitu kifupi, nadhani ni jina langu.

Wote wawili wamegeuka wananitazama.

Bosi ameushika mkataba wangu. Kalamu hajaishika. Ananiita kwa mkono. Na Kaka Fremu amevuta kiti kingine, amekiweka ubavuni mwa chake, tukae upande mmoja mbele ya bosi. Naenda.