Mkono wa Mama na Gari Lako

Zablon,

Mlenda nimeufunika, ugali umo kwenye hotpoti. Asali usiguse, ni ya wageni wa kipaimara.

Mimi na mama tumepanda basi la Kigwa. Gari lako nimelirudisha. ~~Lichome moto.~~ Lipeleke kwa fundi Adriano leo, polepole. Tangu ulipoliinua lifanane na magari ya porini, anakwambia propela, lile bomba linalozungusha difu ya nyuma, imekaa kwa pembe kali ndiyo maana linatetemeka, akuwekee kabari kwenye springi ili difu itazame juu kidogo. Wewe unapiga balansi matairi na kuongeza sauti ya redio.

Leo ndiyo mara ya kwanza mama kulipanda tangu uliinue. Tulipoingia kwenye lami nikaongeza mwendo, likatetemeka mpaka viti. Nikamwona mama ameubana mapajani mkono wa kushoto, ule uliopigwa na kiharusi. Hakujua ni gari linaloutetemesha. Alidhani ugonjwa umerudi.

Akaniambia, "Consolatha, usimwambie mdogo wako. Ataogopa kunipandisha gari lake."

Nikasimama, nikazima injini, mkono ukatulia. Ndipo akaelewa, akacheka, eti gari la mwanawe lina homa. Mimi sikucheka.

Kuku wape maji.

Tukirudi jioni usihangaike kunisalimia. Shikamoo yako sitaiitikia mpaka mama apande gari hilo na mikono yake itulie.

Dada yako