Nyumba ya Prasanna na Chuo cha Madaktari

Jumatatu, 1 Juni 1908, Kalkata

Nimesema mbele ya kamati nzima ya chuo kipya cha madaktari: chukueni nyumba yangu. Kisha nikashtuka kwamba nimesema.

Daktari Bagchi, anayeiongoza kamati, aliweka kalamu chini. "Mama, umefikiri lakini?"

Nikamjibu nimefikiri tangu mume wangu afe. Prasanna alishikwa na kipindupindu alfajiri. Hadi jua linazama hatujapata daktari. Chuo cha serikali huchukua vijana wetu wachache tu, na walimu wote ni Waingereza. Sisi tunataka chuo chetu, walimu wetu.

Serikali inasema tuonyeshe jengo kwanza, ndipo itupe kibali. Tajiri aliyeahidi kutujengea amejitoa tangu watu wakamatwe mwezi uliopita kwa habari ya mabomu ya kuwapiga Waingereza; sasa kila chama cha wenyeji kinashukiwa. Hataki jina lake lionekane popote. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimerudi nyumbani nikafunga mlango kwa komeo.

Alhamisi, 4 Juni

Abinash, mdogo wake Prasanna, amekuja. Ameingia na viatu vyake mpaka ndani.

"Shemeji, nyumba ya kaka unaigeuza bucha la maiti?"

Nikasema wasia uliniachia mimi. Akacheka. Mjane asiye na mtoto nani atamsikiliza, akasema; mahakamani atadai nimerogwa na daktari. Neno "daktari" alilitamka kama tusi, kiasi kwamba Khiroda, mpishi wangu, alitoka jikoni na kisu cha mboga mkononi.

"Bwana mdogo, chai iko tayari," akasema. "Au ulikuwa unaondoka?"

Akaondoka. Lakini amesema atarudi.

Jumamosi, 6 Juni

Mchota maji hakuja. Ameambiwa tutapasua maiti uani, damu iingie kisimani.

Jumapili, 7 Juni

Sijalala. Gari likisimama barabarani, nasikiliza nani anashuka.

Jumanne, 9 Juni

Naandika nikiwa chumba cha sala. 

Asubuhi masanduku ya maabara yaliletwa: mirija ya kioo, chupa za asidi. Daktari Bagchi alisema atakuja jioni kuyafungua. Badala yake amekuja Abinash — pamoja na mkaguzi wa polisi. Mkaguzi yuko chini, anavunja masanduku. Abinash alinifuata kwenye ngazi, akasema polepole, kama mtu anayenibembeleza:

"Asidi hii hii ndiyo ya mabomu, Shemeji. Tia sahihi nyumba irudi kwangu, nitamwambia ni vitu vya dawa. Ukikataa, Bagchi wako analala jela leo."

Nikapokea karatasi aliyoileta, nikaomba nafasi nisali. Nikamtoa Khiroda kwa mlango wa nyuma, akamzuie Daktari asije.

Nimejaribu kusali. Nilichoona ni pingu tu. Ningetia sahihi — Mungu anisamehe — kama ningeamini kwamba Abinash atatosheka. Lakini akishajua naogopa hivi, kesho atataka nini?

Mlango wa mbele umegongwa. Abinash anaufungua. Sauti ya Daktari Bagchi, mchangamfu kama kawaida: "Karamu gani hii, mbona sikualikwa?" Khiroda hakumkuta.

Mkaguzi anauliza masanduku ni ya nani.

Nasikia nyayo za Daktari zikimsogelea.

Atasema ni yake. Namjua, atasema ni yake.

Yapo nyumbani kwangu. Ni yangu. Nashuka kusema hivyo, kabla hajafungua mdomo. Karatasi ya Abinash nimeiacha hapa mezani, haina sahihi.